Calestous Juma: Mwana wa Bunyala na somo la ubunifu ambalo Kisumu ingali inalihitaji

Ukipita Milimani, Kisumu, siku ya kazi, mabango ya malangoni yatakusimulia jinsi mji huu ulivyobadilika. Mtaa huu wa miti mikubwa na bustani pana, ambao wakoloni waliutenga kwa makazi ya Wazungu, sasa una ofisi za mashirika, nyumba za wageni, kliniki, na vyumba ambamo vijana huinamia vipakatalishi kutwa nzima. Wengi wao wana kampuni changa, au wanatamani kuwa nayo. Huyu anataka kumuuzia mfugaji chakula cha samaki kupitia simu. Yule anataka kuwapelekea kina mama wa ufuo wa Dunga majokofu ya sola. Mwingine ana programu ya kumkutanisha mvuvi na mnunuzi kabla mtumbwi haujafika ufuoni.

Ari hiyo ni ya kujivunia. Lakini wengi wa vijana hawa huingia kazini wakiamini kwamba kinachowatenga na mafanikio ni mambo mawili tu: wazo zuri na mfadhili. Hapo ndipo inapofaa kurejea kwa msomi aliyezaliwa kwenye ufuo wa ziwa hili hili, akaitumia karibu miaka 40 kuchunguza kwa nini ubunifu hushika mizizi mahali pamoja na kunyauka mahali pengine. Huyo ni Profesa Calestous Juma, aliyefariki Marekani mnamo Desemba 15, 2017, akiwa na umri wa miaka 64.

Juma hakuwa mchumi wa riba na mfumuko wa bei. Uchumi wake ulikuwa wa ubunifu: jinsi maarifa yanavyogeuka kuwa bidhaa, bidhaa ikawa kampuni, na kampuni zikaliinua eneo zima. Jibu aliloliendeleza maishani mwake ni hili: wazo na fedha havitoshi. Kampuni changa husimama juu ya ufundi uliokwisha kukomaa mahali ilipo, taasisi zinazoulinda na kuukuza ufundi huo, na soko linalovuka mpaka. Na mojawapo ya mifano iliyomfunza hivyo ilikuwa kiwanda cha papa hapa Kisumu.

Mihogo ya seremala

Juma alizaliwa mwaka wa 1953 Port Victoria, Bunyala, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Busia. Hapo ndipo Mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani, na wenyeji wamezoea tangu zamani kuyahama mafuriko na kuyarudia mashamba. Baba yake alikuwa seremala. Juma alisimulia kwamba mzee huyo alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuileta mihogo Bunyala baada ya maji kuharibu mazao, na kwamba wapo waliolipinga zao hilo geni.

Kumbukumbu hiyo haikumtoka. Mwaka wa 2016 alichapisha kitabu *Innovation and Its Enemies*, kinachochunguza upinzani dhidi ya mambo mapya kwa karne kadhaa: kahawa ilipopigwa marufuku Makka mwaka wa 1511, uchapaji wa Kurani, majarini, matrekta, umeme, muziki wa kurekodiwa, hadi mimea na samaki waliobadilishwa chembe za urithi. Hoja yake ni ya kiutu sana. Watu hawaukatai upya kwa sababu ya ujinga. Wanaogopa hasara: kupoteza riziki, hadhi, au namna yao ya kuishi. Anayeleta jambo jipya bila kujibu swali la nani atapoteza nini, anajitafutia upinzani mwenyewe.

Safari yake haikupita njia iliyonyooka. Alisomea ualimu, akafundisha shule ya msingi Mombasa, na kutoka huko akawa akiandika barua kwa mhariri wa *Daily Nation*. Barua hizo zilimfungulia mlango wa chumba cha habari mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako aliandika habari za sayansi na mazingira wakati ambapo waandishi wa fani hiyo walikuwa wachache katika magazeti ya Afrika. Baadaye alijiunga na shirika la kimataifa la mazingira jijini Nairobi, kisha akaelekea Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza.

Huko Sussex kulikuwa na kitengo cha sera za sayansi kilichoanzishwa mwaka wa 1966 na mchumi Christopher Freeman. Wasomi wake waliyafufua mawazo ya Joseph Schumpeter, mchumi aliyetoka Austria, akahamia Harvard mwaka wa 1932, na kufundisha kwamba uchumi husukumwa na wajasiriamali wanaoleta mapya na kuyaondoa yaliyopitwa na wakati. Juma aliyachukua mawazo hayo na kuyapima kwa mambo aliyoyafahamu: miwa, molasi na ethanoli.

Funzo la molasi

Bei ya mafuta ilipopaa baada ya mwaka wa 1973, nchi nyingi zisizokuwa na visima zilianza kutafuta petroli mbadala. Nchi zenye miwa zilikuwa na jibu karibu: molasi, ile shira nyeusi inayobaki baada ya sukari kutolewa, inaweza kuchachushwa na kukenekwa ikawa ethanoli ya kuchanganywa na petroli. Kenya ilikuwa na miwa tele katika ukanda wa Miwani, Chemelil na Muhoroni. Kwa nini basi kiwanda kikubwa kisijengwe Kisumu?

Kilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kando ya barabara ya Busia. Serikali ilishirikiana na wawekezaji wa kigeni, na mpango ulikuwa mkubwa: ethanoli, hamira, asidi ya sitriki na bidhaa nyinginezo, vyote kwa pamoja. Gharama zilipanda kupita makadirio, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujenzi ukasimama. Mitambo ilikaa pale miaka kwa miaka, hadi kampuni ya Spectre International ilipokifufua kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Wakati huo huo, Zimbabwe ilikuwa na kiwanda cha ethanoli mjini Triangle, kilichoanza kazi mwaka wa 1980. Nchi hiyo ilikuwa imetoka katika vikwazo vya kimataifa vya enzi ya Rhodesia, haikuwa na bandari, wala haikuwa na anasa ya kuagiza kila kitu. Wahandisi wake walichagua mtambo wa muundo rahisi, wakanunua ramani, na takriban asilimia 60 ya vifaa vikatengenezwa humo humo nchini. Kiwanda kilifanya kazi kuanzia mwanzo.

Katika tasnifu yake ya uzamifu, aliyoikamilisha Sussex mwaka wa 1986, Juma aliichunguza historia ya ethanoli katika nchi zinazoendelea, Kenya na Zimbabwe zikiwa mifano yake mikuu. Fedha zilikuwepo pande zote mbili, molasi pia. Tofauti ilikuwa katika ujuzi. Zimbabwe ilijenga kiwanda huku ikijifunza: mafundi wake walijua kila bomba limewekwa kwa nini, na lilipoharibika walilitengeneza. Kenya ilinunua kiwanda kama mtu anunuavyo bidhaa dukani, ikitarajia kukabidhiwa ufunguo. Mambo yalipoharibika, hakukuwa na watu wa ndani wenye uwezo wa kuukosoa mpango, kuupunguza na kuuokoa.

Hilo ndilo funzo ambalo kila mwenye kampuni changa Kisumu anapaswa kulipata mapema. Teknolojia si mashine inayohamishwa kutoka nchi hadi nchi kwa meli. Ni uwezo unaojengwa katika mikono na vichwa vya watu, na huchukua muda.

Kwanza taasisi

Aliporudi Nairobi, Juma angeweza kutafuta kiti cha kawaida chuoni au serikalini. Badala yake, mwaka wa 1988 alianzisha kituo cha utafiti cha African Centre for Technology Studies (ACTS), kituo huru cha Kiafrika cha kutafiti sera za teknolojia. Tukiitumia lugha ya leo ya Milimani, ilikuwa kampuni changa ya fikra. Mwaka uliofuata alichapisha *The Gene Hunters*, kitabu kuhusu mbegu, bioteknolojia na mataifa yanayozigombea. Mwaka huo huo wa 1989 yeye na mwanasheria J. B. Ojwang' walihariri kitabu kuhusu hataza na maendeleo ya Afrika.

Suala la hataza lilikuwa na uzito wake. Mpaka wakati huo, mvumbuzi wa Kenya hakuwa na mfumo wa kwao wa kusajili uvumbuzi: hataza iliyotambuliwa nchini ilikuwa ile iliyokwisha kutolewa Uingereza. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka wa 1989 ilibadilisha hali hiyo, na mwaka wa 1990 ofisi ya taifa ya kusajili uvumbuzi ikaanza kazi. Kijana anayesajili kifaa chake leo bila kwenda London anakula matunda ya mjadala wa kizazi kile.

Kufikia hapo sura ya kazi yake inaonekana wazi. Juma hakuwahubiria vijana wawe wabunifu kisha akawaacha. Aliuliza: ni sheria gani inawalinda? Ni maabara gani itawapokea? Ni ofisi gani itawasikiliza?

Mhamiaji aliyeitazama kanda

Mwaka wa 1995 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa Katibu Mtendaji wa kwanza wa kudumu wa Mkataba wa Bioanuwai, na sekretarieti yake ikaweka makao Montreal, Kanada. Baada ya hapo alihamia Harvard, akawa profesa wa maendeleo ya kimataifa katika Kennedy School na kuongoza kozi kuhusu ubunifu na maendeleo ya uchumi iliyowavuta viongozi kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka wa 2006 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Akiwa pamoja na Ismail Serageldin wa Misri, aliongoza jopo la Umoja wa Afrika kuhusu bioteknolojia, lililotoa ripoti yake mwaka wa 2007.

Kuishi mbali hakukumfanya aandike kuhusu Afrika kama mgonjwa aliyelazwa. Aliandika kuhusu masoko. Matokeo ya utafiti uliozaa kitabu chake *The New Harvest* yaliwasilishwa Desemba 2010 Arusha, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana kuzungumzia usalama wa chakula. Kitabu kilisema Afrika inaweza kujilisha ndani ya kizazi kimoja, kwa nguzo tatu: sayansi, viongozi wenye moyo wa ujasiriamali, na masoko ya kikanda.

Nguzo ya tatu ndiyo inayotuhusu sana sisi wa ziwa. Nchi moja moja ni ndogo mno kuweza kulisha kiwanda cha kisasa. Miongoni mwa kazi zake za mwisho ni vitabu alivyoandika pamoja na Francis Mangeni wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kuhusu utangamano wa uchumi wa Afrika. Miezi mitatu baada ya kifo chake, Machi 2018, mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulitiwa saini Kigali.

Kabla ya Juma, mtu mwingine wa ziwa alikuwa ameiona nguvu hiyo ya kanda. Mwaka wa 1947 Jaramogi Oginga Odinga alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, akisafiri kuwauzia Waluo hisa kokote walikokuwa wakifanya kazi Afrika Mashariki. Kutokana na juhudi hizo Kisumu ilipata Ramogi House. Watu walinunua hisa kwa sababu waliamini kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Simu peke yake haitoshi

Mwaka wa kifo chake, Juma alichapisha makala iliyowashangaza wengi. Kenya ilikuwa imesifiwa duniani kote kwa M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, na kwa nyaya za intaneti za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Wengi walidai Afrika imeruka hatua ya viwanda na kutua moja kwa moja katika uchumi wa dijitali. Juma, aliyekuwa ameisifu simu miaka mingi, alisema ahadi hiyo haikutimia. Simu ilileta huduma nzuri, lakini haikuzaa viwanda vya vifaa vya elektroniki, wala maabara za utafiti, wala kizazi cha wahandisi wa kutengeneza vitu. Tuliagiza simu, tukaagiza minara, tukajenga programu juu yake.

Anayeona hoja hiyo ni kali mno na autazame ufugaji wa samaki wa vizimba, biashara iliyokua kwa kasi katika ufuo wa Kenya mwongo uliopita. Programu ya simu inaweza kumtafutia mfugaji chakula cha samaki, mkopo na mnunuzi. Lakini mwishoni mwa 2022, samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kisumu kwa muda mfupi, maji yalipopungukiwa na oksijeni. Wakati kama huo mfugaji anahitaji kipimo cha oksijeni anachoweza kumudu, fundi wa kukitengeneza, mtafiti wa kumweleza maji yanavyojigeuza, na mfumo wa kumwonya mapema. Programu ni sehemu moja tu ya mlolongo huo. Sehemu nyingine zikikosekana, kijana wa Milimani na mfugaji wa Homa Bay wanaanguka pamoja.

Ndivyo ilivyo pia kwa sangara. Kwa miongo kadhaa minofu yake imekuwa ikisafirishwa ng'ambo, huku akina mama wa mtaa wa Obunga, Kisumu, wakinunua mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki kiwandani, na kuukaanga ili kuuza. Kazi ya akina mama hao inastahili heshima. Wamejenga biashara kwa kilichoachwa. Lakini uchumi wa ziwa ulipaswa kuwapa zaidi ya kilichoachwa.

Pa kutua

Wakenya walio nje, kama Juma alivyokuwa, walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, kwa takwimu za Benki Kuu. Fedha hizo zinalipa karo, hospitali na ujenzi. Hata hivyo, dola ni sehemu ndogo ya kile mhamiaji anachomiliki. Kubwa zaidi ni ujuzi, na watu anaofahamiana nao kazini.

Taiwan inatuonyesha ujuzi huo unavyoweza kurudi. Mwaka wa 1973 serikali ilianzisha taasisi ya utafiti wa teknolojia ya viwanda, ITRI. Mwaka wa 1985 ikamwita Morris Chang, mhandisi mzaliwa wa Uchina aliyekuwa amefanya kazi Texas Instruments kwa takriban robo karne, aiongoze. Miaka miwili baadaye akaanzisha TSMC, ambayo leo ni kampuni kubwa kuliko zote duniani ya kutengeneza chipu kwa niaba ya wengine. Chang alikuwa hodari, lakini alipofika alikuta maabara, mafundi na serikali iliyojua inataka nini. Alikuta pa kutua.

Je, mhandisi wa Nyanza aliye Toronto au Texas akitaka kurudi kesho, atatua wapi? Kisumu haikosi vipande. Kuna tawi la taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI. Kuna Kisumu National Polytechnic, Chuo Kikuu cha Maseno, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Kuna Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, iliyoundwa mwaka wa 1979, na makao makuu ya Tume ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna jumuiya ya kiuchumi ya kaunti 14 za ukanda wa ziwa. Kuna vituo vya ubunifu kama LakeHub. Kinachokosekana ni uzi wa kuvishona.

Na kuna bandari. Meli ya *William Mackinnon* ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaundwa hapa na kushushwa majini mwaka wa 1900, kabla hata reli haijafika Desemba 1901. Kwa miongo mingi karakana za Kisumu ziliunda na kukarabati vyombo vya ziwa zima, hadi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na biashara ya meli ikadorora. Sasa Kenya Shipyards Limited, kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi, imeunda hapa hapa MV *Uhuru II*, meli yenye urefu wa takriban mita 100. Nina hakika Juma angelifurahia tukio hilo, kisha angeuliza maswali aliyoyauliza kuhusu Triangle: mafundi wangapi wa hapa walijifunza kazi ile? Meli ijayo itachorwa na nani?

Yanayowezekana sasa

Kuna mambo matatu yasiyohitaji kungoja mfadhili.

La kwanza ni kuziunganisha taasisi hizo katika mpango mmoja wa uhandisi wa ziwa. Mwanafunzi wa polytechnic afanye uanagenzi katika karakana ya meli, mtafiti wa KMFRI aketi na vijana wa programu, na tatizo la oksijeni kwenye vizimba liwe kazi yao ya kwanza ya pamoja. Hapo ndipo mhamiaji atapata pa kurudi, hata kama ni kwa muhula mmoja wa kufundisha.

La pili ni serikali za kaunti kuwa wateja. Kampuni changa huokolewa na oda kuliko tuzo. Kaunti hununua taa za sola, mifumo ya kukusanya ushuru, pampu na samani kila mwaka. Zitenge sehemu ya manunuzi hayo kwa bidhaa zinazotengenezwa ukanda huu, na zilipe kwa wakati.

La tatu ni soko moja. Haifai mfanyabiashara wa samaki kutozwa ada mpya kila anapovuka mpaka wa kaunti, ilhali kaunti hizo zimekubaliana kushirikiana. Kibali kimoja na ada moja ya mazao katika kaunti zote 14 vingekuwa mwanzo wa kweli. Kutoka hapo twende Jinja, Entebbe, Mwanza na Bukoba. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa. Soko letu kubwa liko ng'ambo ya maji.

Calestous Juma alifika Harvard na Umoja wa Mataifa kwa juhudi zake, na wapo vijana wengine wa Bunyala, Dunga na Mbita watakaofika huko kwa juhudi zao. Kufika huko kusiwe sharti la kufanikiwa. Magavana, wakuu wa vyuo na wenye viwanda wanaokutana Kisumu kila wakati kuzungumzia uchumi wa ziwa wana mamlaka ya kuanza na mambo hayo matatu katika bajeti ijayo, na wananchi wana haki ya kuwauliza wameanza na lipi.